Ukurasa wa Sitini na Moja

Orodha ilichomoza kabla hajagusa herufi hata moja.

Mama Kiduchu alikuwa ameinua vidole juu ya kibodi, bado analitafuta neno kichwani, na tayari kisanduku kidogo cha kijivu kilikuwa kimefunguka kwenye skrini, neno lenyewe limo ndani. Ndilo hasa alilokuwa akilitafuta. Alicheka peke yake. "Leo umeamka vizuri," aliiambia kompyuta, akagonga, neno likaingia. Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana, jua limejaa dirishani na majirani wanasuuza vyombo. Sisi tumezoeshwa majini wa kungoja giza. Huyu hakuwa na ugomvi na mwanga.

Mwanamke huyu aliandika programu za kompyuta, akiwa nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo kabla ya kuwekwa meza. Wiki ile alikuwa na mfumo wa zahanati moja, ule wa kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kurudi. Watu wa kazi yake hawaandiki kila neno mpaka mwisho. Wana programu ya kuandikia inayowasaidia: ukianza herufi mbili tatu inakupendekezea neno zima, ukikubali inalimalizia yenyewe. Asubuhi ile alikuwa ameitengeneza upya ifuate mwendo wake, maana mama huyu alizaliwa na haraka. Aliiagiza isome kila faili iliyomo kwenye kompyuta, za kazi na zisizo za kazi, ili ijue Kiswahili cha watu, kwa kuwa ilikuwa ikimletea maneno ambayo hakuna mgonjwa angeyaelewa. Aliiagiza ipendekeze papo hapo, isingoje. Halafu, na hapa natamani mtu angemshika mkono, kibali cha kukubali pendekezo alikitoa kwenye kitufe chake cha pembeni akakiweka kwenye kitufe cha nafasi, ule ubao mrefu wa chini ambao kila mwandishi huugonga baada ya kila neno. Yaani kila akiacha nafasi, chochote kilichopendekezwa kimeshakubaliwa, awe amekisoma au hajakisoma. Aliita hilo kuokoa muda.

Kompyuta ilizisoma faili zote kwa sekunde nne.

Jumanne kazi ilikimbia. Kurasa alizozipangia siku tatu alizimaliza kabla ya saa sita, na kila alipositasita kisanduku kilikuwa kimeshajua. Kisha, katikati ya orodha ya dawa, kikapendekeza maneno yasiyo ya kazi: *Kiduchu amerudi, ana njaa*. Akayasoma mara mbili. Mlango wa mbele ukagongwa.

Kiduchu ni bintiye, mwenye miaka saba, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mdogo mno na hajakua sana tangu hapo. Alikuwa mtoto wa maswali. Angeweza kuuliza mpaka ukajifanya umelala.

"Vua viatu kwanza," alisema mama yake, "halafu unawe mikono, chakula kiko kwenye..."

"...sufuria ya bluu, ile yenye mfuniko uliovunjika mpini," alimalizia mtoto.

Mama alimtazama. Sufuria ile alikuwa ameinunua asubuhi, mfuniko umevunjika dakika kumi zilizopita.

"Nani amekwambia?"

Kiduchu alipandisha mabega, akaenda kunawa.

Jumatano asubuhi mtoto akiwa shule, na baba yake, fundi wa visima, akiwa safarini wiki ya pili, Mama Kiduchu alikuwa uani anaanika nguo aliposikia vitufe. Vilikuwa vikigongwa upesi, kwa mkono wa mtu aliyeizoea kazi, kutoka chumba cha nyuma alichokuwa amekifunga mwenyewe na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Alisimama na shuka mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni, akijiambia ni redio ya jirani, ni mashine ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, ni masikio yake tu, na huku miguu yake ikimpeleka polepole mpaka kwenye mlango, na alipotia ufunguo sauti ikakatika, na alipofungua akapigwa usoni na harufu ya nywele zilizoungua iliyochanganyika na ya karatasi iliyolala mahali penye unyevu miaka mingi. Kiti kilikuwa kitupu. Skrini ilikuwa inawaka. Katikati ya kazi yake, mahali pasipokuwa na kitu, palikuwa na mstari ambao hakuuandika yeye:

*Na baada yangu, atakayekulisha na kukuhifadhi ni*

Chini ya mstari kisanduku kilikuwa wazi, na ndani yake majina matatu ya bintiye kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Majina hayo siyaandiki hapa, wala la mtu mwingine yeyote wa nyumba ile. Mkifika mwisho mtanielewa.

Aliufuta mstari. Ukarudi. Alizima mapendekezo kwenye mipangilio, yakajiwasha. Akaing'oa programu nzima, na kisanduku kikabaki juu ya skrini tupu, majina matatu ndani yake. Ndipo akaogopa kweli. Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akaifunika kwa shuka bichi.

Jioni, mtoto akiwa mezani na daftari lake, Mama Kiduchu alisikia tena ile sauti ya vitufe vikigongwa. Zilikuwa kucha za Kiduchu juu ya mbao, vidole vyote kumi, upesi upesi, naye anaangalia ukuta.

Alhamisi mwalimu alipiga simu. Jumanne, alisema, alimsifu mtoto kwa kuwahi majibu. Jumatano alimkanya, maana alijibu kabla swali halijaisha.

"Leo nimewatoa wenzake wakacheze, nikabaki naye, nikanyamaza nione atasema nini," alisema mwalimu. "Mama, tumekaa robo saa. Hakusema kitu. Nilipoanza tu kumwambia 'nadhani nimpigie...', akamalizia yeye: 'simu mama yangu.' Mpeleke hospitali."

Alimpeleka. Daktari akapima masikio, koo na damu, akasema ni mzima, huenda ameogopa kitu. Wakarudi. Mama akamkalisha kitandani, akakaa mbele yake, akangoja. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale, hatua mbili, na Kiduchu aliutazama, akamtazama mama yake, asiseme neno wala asinyanyuke.

"Unataka..." alianza mama.

"...maji!" alilia mtoto, na machozi yakamwagika kwa pamoja, kana kwamba mtu amemfungulia mlango.

Alikunywa vikombe vitatu. Hapo Mama Kiduchu akaelewa alichonyang'anywa mwanawe. Uwezo wa kusema ulikuwepo, lakini mtoto hakuwa na mwanzo tena. Kila neno lake lilikuwa mkia wa neno la mtu mwingine, na watu wakinyamaza yeye atakufa kwa kiu mbele ya mtungi.

Alimpigia wifi yake. Dada huyu wa mumewe ana duka la kuchapa na kutoa nakala, na ni mtu wa vicheko.

"Wifi, usinicheke," alinong'ona. "Kuna maneno yameingia kwenye kompyuta yangu." Akamtajia ule mstari.

Upande wa pili mashine ya kutolea nakala ilinyamaza. Wifi hakucheka.

"Huo ni ukurasa wa mwisho wa kitabu cha baba," alisema. "Wa sitini na moja. Baba alitusomea mstari huo kabla hajafa. Uliuchapa wewe mwenyewe, kwa haraka zako."

Hapa lazima nieleze. Mzee wa nyumba ile, baba mkwe, alikuwa mganga, na sifa yake ilikuwa moja: mgonjwa hakuwahi kumaliza kumweleza shida yake. Ukisema 'nina...', yeye anamalizia 'maumivu ya mgongo tangu ulipogombana na kaka yako', na kaka mwenyewe anamtaja. Jini aliyekuwa akimnong'oneza alikuwa na makubaliano naye, na makubaliano yaliandikwa kitabuni kwa mkono wa mzee. Alipokaribia kufa aliacha agizo. Kitabu kisichomwe wala kisiachwe kioze, ila pasiwepo msomaji mmoja wa kukisoma chote, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwaka uliopita wadudu walipoanza kukila, mawifi hawa wawili waligawana kazi ya kukichapa: Mama Kiduchu kurasa za witiri, ya kwanza, ya tatu na kuendelea, wifi yake za shufwa, na hakuna aliyechungulia za mwenzake. Mafaili yote mawili yakahifadhiwa kwenye kompyuta ya Mama Kiduchu, yeye ndiye anayejua mambo ya kuhifadhi.

"Niambie kweli," alisema wifi kwa sauti ya chini. "Ulisoma kurasa zangu?"

"Naapa sijazifungua."

"Mimi pia zako sijaziona. Basi nani amekisoma chote?"

Mama Kiduchu alilitazama shuka lililofunika kompyuta. Lilikuwa limekauka, na katikati lilikuwa linapanda na kushuka.

"Nimeiagiza mimi," alisema. "Wifi, niliiagiza isome kila kitu."

Ijumaa saa sita mama mkwe, aliyepewa habari na wifi, alishuka kwenye gari na kimkoba chake. Hawa wawili walikuwa hawapatani. Mama mkwe aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mke wa mwanawe ameolewa na kompyuta, na mke wa mwanawe akawa anahesabu siku kila bibi huyo alipokuja kukaa. Siku ile hapakuwa na nafasi ya hayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Kiduchu alikuwa amelala chali, macho wazi, vidole vikigonga godoro. Bibi aliketi pembeni yake, akamshika paji la uso. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi nimekuja..."

"...nikiwa nimechelewa," alimalizia mtoto, bila kugeuza macho.

Bibi aliuvuta mkono wake. Walitoka, wakasimama kwenye korido, wakisemezana kwa kunong'ona.

"Mama, labda mzee alifariki kabla ya kumaliza ule mstari?"

"Nani kakwambia? Aliishi miaka tisa baada ya kuuandika. Aliuacha wazi makusudi. Bila jina, yule alikuwa anangoja tu humo kitabuni, hana pa kwenda. Sasa kimeshasomwa. Anataka mtu wake, na amekuta mtoto ndiye aliye karibu na mashine." Alivuta pumzi. "Jina likiingia pale na nukta ikawekwa, basi. Huyo ndiye wake mpaka siku anakufa."

"Nimejaribu asubuhi kuandika 'hakuna mtu'. Nikaandika 'hakuna', nikagonga nafasi, lile neno likageuka likawa jina la mtoto. Nilimsikia huko chumbani anavuta pumzi kama anazama, mama. Nikafuta. Kitufe cha nafasi ndicho kinachokubali, na niliyekiweka hivyo ni mimi!"

"Kuna namna ya kuandika majina matatu bila kuacha nafasi?"

Mama Kiduchu aliinua kichwa. Kwa watu wa kazi yake hilo ni jambo la kila saa. Majina ya vitu kwenye programu hayaruhusiwi kuwa na nafasi, kwa hiyo huyaunganisha kwa kistari kinacholala chini ya mstari. "Ipo," alisema. "Kistari cha chini. Hakigusi kile kitufe." Akaanza kutembea. "Naandika langu."

Mama mkwe alimshika mkono, kwa nguvu ambayo mwenzake hakuijua. "Wewe una mtoto wa kulea. Mimi ndiye niliyekula matunda ya yule miaka arobaini. Nyumba yangu ameijenga yeye, mumeo amesomeshwa na yeye. Niache."

"Mama, hujawahi hata kugusa..."

"Utanionyesha. Lakini vidole viwe vyangu. Akimwona mtu anaandikiwa, hakubali."

Waliingia. Harufu ilikuwa nzito mpaka machozi yaliwatoka. Mama Kiduchu alivuta shuka, na kompyuta iliyochomolewa waya tangu juzi ilikuwa inawaka, mstari upo, kisanduku kiko wazi. Bibi alikaa kwenye kiti, akanyoosha kidole kimoja cha shahada.

"Ya kwanza iko wapi?"

"Safu ya kati, mama. Hapana, ya pembeni yake. Hiyo."

Herufi ikaingia, na kisanduku kikaruka juu na majina ya mtoto, makubwa kuliko mwanzo. "Usikiangalie," alisema Mama Kiduchu. "Angalia mkono wako." Herufi ya pili. Ya tatu. Kutoka chumbani vidole vya Kiduchu viligonga godoro kwa kasi ile ile ya mapigo ya moyo wa mama yake, na kila bibi alipopata herufi kisanduku kiliongezeka upana mpaka kikaufunika nusu ya mstari, na ikabidi wakisie yaliyo chini yake, mmoja akitaja kwa kunong'ona, mwingine akitafuta kwa kidole, jina la kwanza likaisha, kistari cha chini kikaingia, jina la baba yake likaanza, na harufu ya nywele zinazoungua ikawa karibu mno, ikawa kama inatoka kwenye vichwa vyao wenyewe, na hakuna kati yao aliyethubutu kushika nywele zake, na hapo bibi alipojinyoosha kuifikia herufi ya juu, mtandio wake ukateleza begani, ukaangukia kibodi, ukagonga ubao mrefu wa chini.

Majina ya mtoto yakaingia kwenye mstari, yote matatu.

Chumbani kukawa kimya. Vidole viliacha kugonga.

"Kiduchu!" Mama alipiga ukelele, lakini hakukimbia kwa mwanawe. Mkono wake ulijua cha kufanya kabla ya kichwa. Vitufe viwili kwa pamoja, vile vya kurudisha nyuma kosa la mwisho, alivyovigonga maelfu ya mara kwa makosa ya kipuuzi. Mara moja, haikutii. Mara ya pili. Mara ya tano majina yakatoka, jina la bibi likarudi pale lilipoachwa, na upande wa pili wa ukuta mtoto akakohoa.

"Mama, endelea! Hajaweka nukta, endelea!"

Bibi aliutupa mtandio sakafuni na kuendelea. Hakuuliza tena herufi iko wapi. Aliziona mwenyewe, polepole, akitaja jina la baba yake na la babu yake kwa sauti, huku akisema na kile kilichokuwa chumbani kwa hasira ya mke aliyeishi na mke mwenza: ulimmaliza mume wangu, ukala naye, ukalala naye, njoo basi, njoo kwangu, mtoto huyu humpati. Herufi ya mwisho. Akanyoosha kidole kwenye nukta.

"Mama," alisema Mama Kiduchu. Alitaka kusema asante, alitaka kusema nisamehe.

"Najua," alisema bibi, akagonga.

Kisanduku kilifungika. Kompyuta ikazimika. Ile harufu ikaondoka chumbani mara moja, na Mama Kiduchu alipoinama kuokota mtandio aliisikia imo kwenye nguo za mama mkwe wake. Mama Kiduchu alimwekea mtandio begani. Kuku wa jirani walikuwa wanapigana uani. Kisha, kutoka chumba cha mtoto, sauti nyembamba yenye mikwaruzo ikauliza:

"Mama, hivi samaki wakilala wanafumba macho?"

Hakuna aliyekuwa ameanza sentensi hiyo. Ilikuwa yake tangu neno la kwanza. Mama Kiduchu aliketi sakafuni akalia kwa sauti, bila aibu, na kule chumbani Kiduchu akaendelea kuuliza na kama wanafumba je, yale maji hayawaingii.

Mama mkwe hakungoja chakula. Alimtazama mjukuu wake kutoka mlangoni, mikono ameificha nyuma, asimguse.

"Usimlete kwangu," alimwambia mkwewe kwenye ngazi. "Simu tu. Na uandae moyo wako, nina miaka sabini na mbili. Mstari ule unasema baada yangu. Mimi nami nitakuwa na baada yangu."

Siku hizi Mama Kiduchu anaandika kila neno mwenyewe mpaka mwisho, na kazi inamchukua mara mbili. Yule aliyekuwa akihesabu siku mama mkwe aondoke, sasa anampigia kila asubuhi kabla hajanawa uso, anamuuliza kama amemeza dawa za presha, kama ameteleza bafuni, kama kikohozi kimepungua. Anamwombea maisha marefu kwa bidii ambayo hajawahi kumwombea mtu.

Jumapili iliyopita simu ilipokelewa haraka.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwanangu. Nakula vizuri, natembea." Bibi akakohoa. "Ila ananiuliza."

"Anakuuliza nini?"

"Kiduchu amefikisha miaka mingapi. Kila siku ananiuliza, na mimi namwambia nimesahau." Bibi alishusha sauti. "Leo asubuhi, mwanangu, nilikuwa na usingizi. Nikajikuta nimeshamjibu."